SIKU KIJANA ANAPOTOKA LANGONI
Mazungumzo kwa wazazi, waalimu, mafundi na waajiri



Maneno mengi hunenwa juu ya siku kijana anapoingia katika shule ya kurekebisha tabia. Majirani huijua siku hiyo, mama huilia, na hakimu huiandika katika daftari lake. Walakini siku anapotoka haina mashahidi wengi. Asubuhi lango hufunguliwa, naye hupewa nguo zake, huagwa na mwalimu mmoja au wawili, kisha hupanda gari kurudi kwao. Jioni hiyo hiyo yuko nyumbani, ambako yumkini kitanda chake kimekwisha kupewa ndugu mwingine, na wenzake wa zamani wamekwisha kupata habari kwamba amerudi. Mazungumzo haya yahusu siku hiyo, pamoja na miezi michache inayoifuata, maana katika miezi hiyo kazi ya miaka miwili au mitatu yaweza kusimama, na yaweza kuanguka.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana aliyepita mikononi mwa korti ahitaji mtu mzima mmoja amjuaye kwa jina, aliyeanza kusema naye juu ya masomo na kazi kabla hajatoka, na asiyemwacha baada ya kutoka. Majengo, vyombo vya kazi na waalimu ni vitu vya lazima, lakini bila ya mtu huyo vyote huishia langoni. Katika mazungumzo haya mtu huyo ataitwa mlezi. Aweza kuwa afisa wa probesheni, mwalimu, fundi, mjomba wa kijana, mzee wa kanisa au wa msikiti. Cheo chake si kitu; kitu ni kwamba yupo, na kwamba atakuwapo tena wiki ijayo.

HABARI YA WAMUMU

Watu wa Kenya wanao mfano wao wenyewe wa jambo hili, nao ni mfano mgumu kuusimulia, kwa sababu ulianzia mahali pa uchungu. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, wakakamatwa maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa kambini bila ya kushtakiwa katika korti yo yote. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Huko Manyani, katika nyika kavu kando ya njia ya Mombasa, wavulana wenye sauti ambazo hazijavunjika walifungwa pamoja na watu wazima. Mwaka 1955 walianza kuhamishwa, na wengi wao, zaidi ya elfu moja, wakapelekwa Wamumu, ukingoni mwa uwanda wa Mwea, mahali ambapo siku zile palikuwa katika wilaya ya Embu na leo ni Kirinyaga.

Yafaa kusema wazi kwamba Wamumu ilikuwa mahali pa serikali ya kikoloni, palipowekwa watoto ambao wengi wao hawakupata kamwe kusimama mbele ya hakimu na kujitetea. Serikali hiyo ilitaka pia kuzigeuza fikira zao juu ya mambo ya siasa na ardhi. Hakuna sababu ya kuisifu kwa hilo, na wazee walio hai waliopita huko wana haki ya kuyakumbuka mambo hayo kama walivyoyaona. Hata hivyo ndani ya lango lile kulifanyika kazi moja isiyofaa kusahauliwa. Mmoja wa viongozi wa mahali hapo, Geoffrey Griffin, ambaye mwenyewe alikuwa bado kijana, alishika fikira kwamba mtoto aliyefungwa hafai kuulizwa kila siku juu ya alikotoka. Yafaa aulizwe aendako. Wavulana wale walifundishwa kusoma na kuandika, useremala, uashi na kazi nyingine za mikono, pamoja na michezo. Na viongozi wao hawakungoja siku ya kufungua lango ndipo waanze kufikiri juu ya kazi. Waliwatafutia vijana kazi mapema, wakawaandikia waajiri barua, na baada ya muda waajiri wengine wakaanza kuuliza wenyewe kama kuna kijana wa Wamumu.

Hayo ni katika siku ambazo kijana wa Kikuyu akibisha mlango wa ofisi ya Nairobi kuomba kazi alitazamwa kwa hofu. Basi ikiwa iliwezekana wakati ule, ni vigumu kuona sababu ya kushindwa leo.

Iko sehemu ya pili ya habari hii, nayo ndiyo yenye faida zaidi. Joseph Gikubu alikuwa mmoja wa vijana waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Alipopata uhuru wake hakukaa kimya na uchungu wake. Aliingia katika kazi ya kuwaongoza vijana wengine. Tarehe 14 Novemba 1959, yeye pamoja na Geoffrey Geturo na yule Griffin walifungua kituo cha wavulana maskini wa mitaa ya Nairobi, katika vibanda viwili vya mabati, mahali panapoitwa Starehe. Wengi wa wavulana wale wa kwanza walikuwa mayatima au watoto waliopotezana na wazazi wao kwa sababu ya vita. Starehe ya leo yajulikana na kila mtu, na mzazi ambaye mtoto wake amepata nafasi huko huwaambia majirani zake wote. Watu wachache hukumbuka kwamba mmoja wa mikono mitatu iliyoianzisha ilikuwa imetoka kizuizini. Gikubu alifanya kazi hapo kwa miaka mingi. Wavulana waliomsikiliza hawakuwa wakimsikiliza mtu aliyesoma habari za kifungo katika kitabu.

MAHALI WALIPO VIJANA LEO

Sheria imebadilika tangu siku zile. Zamani mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa kosa la jinai katika Kenya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeupandisha umri huo hadi miaka 12, na mtoto aliye kati ya miaka 12 na 14 huhesabiwa kuwa hakuweza kujua ubaya wa kosa lake mpaka ithibitishwe vingine. Sheria iliyotangulia, ile ya mwaka 2001, ilikuwa imekwisha kukataza mtoto asitajwe katika korti ya watoto kwa yale maneno ya kisheria yanayotumiwa kwa mtu mzima aliyetiwa hatiani na kuhukumiwa. Huo si ukarimu wa maneno matupu. Maana yake ni kwamba korti yenyewe yakataa kumpa mtoto jina la mhalifu. Basi ni ajabu kwamba jina hilo ambalo hakimu hakumpa, mara nyingi hupewa na shangazi yake mwenyewe.

Wavulana hupelekwa katika shule za kurekebisha tabia, kama vile Kabete, ambayo historia yake yatangulia Vita Kuu ya Kwanza, na Wamumu yenyewe, ambayo ingali shule ya namna hiyo mpaka leo. Wasichana hupelekwa Kirigiti na Dagoretti. Wavulana wakubwa zaidi, waliotimiza miaka 15 lakini hawajatimiza 18, waweza kupelekwa Borstal, huko Shimo la Tewa karibu na Mombasa au Shikusa karibu na Kakamega, kwa muda usiozidi miaka mitatu. (Neno hilo Borstal huwatatiza watu wengi. Ni jina la kijiji tu, karibu na mji wa Rochester katika Uingereza, ambako wavulana wa kwanza waliwekwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili watengwe na wafungwa wazee. Uingereza yenyewe ilikwisha kuifuta namna hiyo ya kifungo kwa sheria ya mwaka 1982, lakini jina limebaki Kenya.)

Katika mahali hapa pote kuna darasa na kuna karakana. Wavulana wa Shimo la Tewa na Shikusa wamefanya mitihani ya taifa humo humo ndani, wakiwa wamevaa sare zao. Kwa hiyo si kweli kwamba kijana hutoka mikono mitupu. Hutoka na kitu. Swali ni nani atakayemsaidia kukitumia kitu hicho kabla hakijapata kutu.

MAZUNGUMZO YA KWANZA

Mlezi mwema huanza kazi yake miezi kadhaa kabla ya lango kufunguliwa. Huja siku ya wageni, huketi na kijana mahali pasipo na kelele, wala haanzi na kosa. Kosa limekwisha kusemwa na askari, na shahidi, na hakimu, limechoka. Huanza na kazi ya mikono na masomo, naye huuliza maswali ambayo kijana aweza kuyajibu bila ya kuinamisha kichwa.

Chukulieni mfano wa mvulana wa miaka 16, na mlezi wake ni mwalimu mzee aliyestaafu.

"Wataka kuwa nani, kijana wangu?"

"Nataka kuwa rubani wa ndege, Mwalimu."

Hapa ndipo walezi wengi huharibu kazi yote. Mmoja hucheka. Mwingine hutoa hotuba juu ya kutotamani makuu. Mwingine, kwa upole usio na faida, husema kwamba kila jambo lawezekana, kisha huenda zake. Mwalimu huyu hafanyi hata moja ya hayo.

"Vema. Uliacha shule darasa la ngapi?"

"La sita, Mwalimu."

"Na hesabu ulizionaje?"

"Nyingine nilizipata. Zilizonishinda ni zile za visehemu."

"Rubani hupima mafuta yake kwa visehemu kabla ya kuruka, maana huko juu hakuna mahali pa kununua mengine. Basi ndege na ingoje kidogo. Nitakapokuja Jumamosi ya pili nitakuletea kitabu cha visehemu, nawe utanionyesha kurasa tano."

"Nikizimaliza kumi, Mwalimu?"

"Ukimaliza kumi, nitajua nimesema na rubani."

Yaonekana kama mzaha, lakini ndani yake mna utaratibu wote wa kazi hii. Kijana ametaja lengo lake la mbali, wala halikuvunjwa. Limefungwa kwa kamba kwenye lengo la karibu, lenye tarehe na hesabu. Na mlezi amejitia mwenyewe katika deni: amesema atakuja Jumamosi ya pili. Asipokuja siku hiyo, kitabu hakina maana tena, kwa kuwa kijana huyu amekwisha kuwazoea watu wazima wasiokuja. Afadhali kutoahidi kuliko kuahidi na kukosa. Na asiyeweza kuja mara mbili kila mwezi na amwachie mwingine kazi hii.

Hutokea mara nyingi kwamba baada ya miezi mitano au sita kijana mwenyewe hubadili maneno. Atasema kwamba ameona karakana ya kulehemu vyuma, na kwamba amesikia ndege nazo hutengenezwa na mafundi. Hakuambiwa na mtu. Amelipunguza lengo lake mwenyewe, kwa kulipima, na lengo ambalo mtu amelipima mwenyewe hulishika. Mwingine halipunguzi, huenda nalo mbali kuliko walivyodhani wote. Si kazi ya mlezi kuamua mapema yupi ni yupi.

KARATASI NA VYETI

Wazee waliozaliwa zamani wanajua uchungu wa karatasi. Kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua katika koloni ya Kenya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kilivaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na kilikuwa mali ya mwajiri kuliko mali ya mwenye shingo. Kwa hiyo wengine hudharau karatasi zote. Lakini kijana anayetoka shule ya kurekebisha tabia bila ya karatasi amefungwa mara ya pili, na mara hii hakuna tarehe ya kutoka.

Mlezi na aulize mapema: cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Mara nyingi hakipo, ama kimepotea, ama hakikuandikwa kamwe, na bila yake hata kuandikishwa mtihani wa taifa huwa taabu. Akikaribia miaka 18, atahitaji kitambulisho, na ili akipate itabidi mzazi au jamaa aende pamoja naye, na chifu amtambue. Jambo hili huchukua majuma, pengine miezi. Likianzwa baada ya kutoka, kijana atakaa nyumbani akingoja karatasi, na kukaa bure ndiko kulikompeleka kortini hapo kwanza. Likianzwa mapema, atatoka nayo mfukoni.

Kisha vyeti vya masomo. Kwa mwenye umri wa shule, njia iliyo bora ni kurudi darasani. Katiba ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bure na ya lazima, wala haikusema isipokuwa aliyefika kortini. Mwalimu mkuu mwenye hofu yafaa atembelewe na mlezi, tena ana kwa ana, kabla ya muhula kuanza. Hofu ya mwalimu mkuu si ya bure, maana ana watoto wengine mia kadhaa. Ataitoa hofu hiyo akiona kwamba yuko mtu wa kumwita siku ya matata. Aliyepita umri wa kukaa na watoto wadogo darasani aweza kusoma jioni na kujiandikisha kama mtahiniwa wa binafsi.

Kwa wale ambao mikono yao hufanya kazi vizuri kuliko kalamu zao, kuna mitihani ya ufundi ya serikali, ambayo leo husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Ina madaraja matatu: huanza na la tatu, hupanda hadi la pili, kisha la kwanza. Sifa yake kubwa ni kwamba mtahini humpa kijana kazi ya kufanya, mlango wa kuunganisha, au ukuta wa kujenga, au nguo ya kushona, na kuipima kazi hiyo. Mlango haujui habari za korti. Ukikaa sawa katika fremu yake, umekaa sawa. Vyuo vya ufundi vilivyotokana na zile shule za ufundi za vijijini, zilizoanzishwa na Baraza la Makanisa mwishoni mwa miaka ya 1960, vipo sasa katika kila upande wa nchi, na kijana aliyeanza useremala ndani ya shule ya kurekebisha tabia aweza kuumalizia huko karibu na kwao.

Juu ya wasichana lazima neno moja lisemwe bila ya kuficha. Wengi wao hawakufika huko kwa kumdhuru mtu, bali kwa kutoroka nyumba ambazo mtoto ye yote mwenye akili angezitoroka. Tena mara nyingi husukumwa wote katika ushonaji na utengenezaji wa nywele, kana kwamba wasichana wote walizaliwa na mapenzi ya kazi mbili. Hizo ni kazi njema, na zina mkate ndani yake. Lakini msichana anayeuliza habari za umeme au uashi na ajibiwe kama anavyojibiwa mvulana.

FUNDI NA KIJANA

Sasa kijana ametoka, ana karatasi zake, na mlezi amempeleka kwa fundi wa jua kali, labda katika Gikomba, labda katika soko la mji mdogo wa wilayani. Fundi ana swali moja tu, nalo ni la haki: vyombo vyake vitakuwa salama? Watu wengi wa nia njema hushauri kwamba habari za kifungo zifichwe kabisa. Wengine husema fundi na aambiwe kila kitu na mlezi, faraghani, kijana akiwa nje. Njia zote mbili zina kasoro. Kilichofichwa hufichuliwa na jirani siku mbaya kuliko zote. Na kilichosemwa nyuma ya mgongo wa kijana humfanya awe mzigo unaojadiliwa badala ya mtu anayeomba kazi. Iliyo afadhali ni kijana mwenyewe aseme, kwa maneno machache aliyoyatengeneza pamoja na mlezi wake, kwa yule mtu mmoja tu anayehitaji kujua. Jirani wa fundi hahitaji kujua, wala wateja.

"Amenileta mwalimu huyu, mzee. Nilishiriki katika wizi wa pikipiki nikiwa na miaka 15. Nimekaa ndani miaka miwili. Huko nimejifunza kulehemu, na hiki ni cheti changu cha daraja la tatu."

"Na nyundo zangu, kijana?"

"Zihesabu kila jioni mbele yangu, mzee. Mimi nami nitazihesabu."

Fundi akikubali, mapatano na yaandikwe siku hiyo, mbele ya mzazi na mlezi: atakuja saa ngapi, atafunzwa nini, atapewa nini kila wiki, na baada ya muda gani ataanza kulipwa kama msaidizi badala ya mwanafunzi. Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Wako mafundi ambao kwao mwanafunzi huwa mwanafunzi miaka minne, akifagia na kubeba vyuma, kwa sababu wanajua kijana huyu hana pa kwenda kulalamika. Mlezi ndiye pa kwenda kulalamika.

Na liko jambo dogo ambalo limewarudisha vijana wengi mitaani kuliko tamaa zote za ujana, nalo ni nauli. Mwezi wa kwanza wa kazi hauna mshahara, na karakana iko mbali. Kijana huenda kwa miguu siku tatu, siku ya nne huona haya kuomba tena nyumbani, siku ya tano hukutana na rafiki wa zamani mwenye fedha. Dola imemlisha, ikamvika na kumfundisha kwa miaka miwili, kisha hupotea kwa kukosa nauli ya majuma manne! Kanisa moja, chama kimoja cha akina mama, au ukoo mmoja waweza kuichanga nauli hiyo bila ya kuhisi upungufu. Yafaa apewe mlezi, aitoe kidogo kidogo, kila Jumatatu, maana kuitoa huko ni nafasi ya kuonana.

Juu ya cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na polisi, ambacho waajiri wakubwa hukitaka, mlezi asijibu kwa kubahatisha. Shauri la mtoto katika korti ya watoto na hukumu ya mtu mzima si kitu kimoja. Na apeleke swali hilo kwa afisa wa probesheni au kwa wakili mapema, kabla kijana hajajaza karatasi ya kuomba kazi na kuandika juu yake mwenyewe maneno ambayo korti haikuyaandika.

JUMATATU ASIPOKUJA

Itafika Jumatatu ambayo kijana hataonekana kazini. Mlezi asiyeitazamia siku hiyo atavunjika moyo, naye atasema yale yanayosemwa na wote, kwamba watoto hawa hawasaidiki. Aliyeitazamia atachukua kofia yake na kwenda kumtafuta. Pengine atamkuta mgonjwa. Pengine amegombana na fundi juu ya shilingi mia. Pengine yuko na wale wale, na mambo yamekwisha kuwa mabaya, na ndani ya wiki hiyo atakuwa tena mbele ya hakimu. Hata hapo mlezi ana kazi: kusimama kortini na kueleza miezi minane ya kazi iliyofanyika, siku kwa siku, na cheti mkononi. Hakimu aliyesikia habari za nyundo zilizohesabiwa kila jioni ana jambo la kupimia, zaidi ya kosa.

Wala mzazi asitolewe katika shauri hili. Mama aliyeaibika kwa sababu ya mwanawe huwa mkali kwa sababu ya aibu hiyo, na kila kitu kinapopotea nyumbani humtazama yeye. Baba huwa kimya, na ukimya wake ni mzito kuliko ukali wa mama. Mlezi mwenye busara huenda kwao kabla ya siku ya kutoka, hunywa chai, na kuuliza mambo mawili tu: kijana atalala wapi, na nani atakayemwamsha asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi. Yakipata jibu hayo mawili, mengine yana mahali pa kuanzia.

Huduma ya probesheni ilianza Kenya katika miaka ya 1940, na leo maafisa wake hufanya kazi na korti katika kila upande wa nchi, wakiwa na majalada mengi kuliko siku za juma. Kadhalika kila wilaya ndogo ina ofisi ya watoto. Mtu ambaye ana ufundi, au chumba cha karakana, au jioni moja tupu katika wiki, hahitaji kuunda chama kwanza. Na aende katika ofisi hiyo, ajitambulishe, atoe kitambulisho chake kichunguzwe, maana si kila mtu mzima afaa kukabidhiwa mtoto, kisha aulize ni kijana gani wa sehemu hiyo anayetazamiwa kutoka mwezi ujao, na kama yuko mtu wa kumlaki.